Koo la Steamboat: kasi haijaua mieleka

Niwaombe radhi walionisikia siku za nyuma, maana nitarudia yale yale. Nitayarudia mpaka wazee wenzangu waache kuniambia kwamba mieleka ya kulipwa imeuawa na kasi, na vijana waache kuniambia kwamba ile ya zamani ilikuwa watu wazima wawili kushikana vichwa dakika kumi kama wanabembelezana walale. Wote mmekosea, na kosa lenu ni moja.

Tuzungumzie koo la mtu. Mwishoni mwa 1986, Randy Savage, aliyekuwa bingwa wa mkanda wa Intercontinental wa WWF, kampuni ya mieleka ya Marekani, alimlaza Ricky Steamboat shingo juu ya chuma kinachotenga watazamaji, akamrukia. Hakutosheka. Akamrudisha ulingoni, akachukua kengele ya mtunza muda, akapanda kamba ya juu, akashuka nayo kooni. Steamboat akabaki ameshika shingo, miguu inatapatapa, hewa haipiti.

Najua, kuna mtu hapo nyuma ameshaanza kutabasamu: "Lakini mzee, si maigizo yale?" Ndiyo, ni maigizo. Na yule dada wa tamthilia unayemlilia kila jioni, ulishakwenda kuhakikisha kama kweli kaachwa? Haya, tuendelee.

Machi 29, 1987, Pontiac, jimbo la Michigan. Steamboat amerudi kukutana na Savage, na pambano halifiki hata dakika 15. Vijana, lile ni pambano la kasi! Huyu anambana yule mabega chini, refa anahesabu mbili, maana ikifika tatu umeshindwa, yule anachomoka. Refa hajasimama sawasawa, keshaitwa tena sakafuni. Tena Savage hakupenda kubahatisha. Wengi wakati ule walikuwa wakipangia mumo kwa mumo ulingoni, kwa kunong'onezana. Yeye na Steamboat walipanga na kukariri hatua zote kabla. Kwa hiyo msiniambie kupanga ni ugonjwa wa vijana.

Sasa tazama lile koo. Kila Savage akipata upenyo, anarudi pale pale, na kila akiguswa, Steamboat anakunjamana. Halafu Savage anaifuata kengele. Kengele! Ukumbi mzima unajua ile kengele ilifanya nini. George Steele, mwanamieleka mwenzao aliyekaa upande wa Steamboat, anaingilia, anamsukuma Savage kutoka juu ya kamba. Savage anainuka, anataka kumbeba Steamboat ampige mwereka, Steamboat anamkunja kama mkeka. Moja, mbili, tatu.

Mimi niliiona kwenye kibanda cha video, kaseti imechakaa mpaka picha inacheza. Mlangoni alikaa mama muuza karanga, mtu asiyejua steringi ni nani na adui ni nani. Savage alipoishika ile kengele, yule mama alishika koo lake mwenyewe. Karanga za mteja zikamwagika. Hakuna aliyemtafsiria chochote.

Usiku huo huo Hulk Hogan alipigana na Andre the Giant, pandikizi la mtu ambaye mgongo wake ulishafanyiwa upasuaji, akitembea kwa shida. Pambano lilikwenda mwendo wa mkokoteni, na bado Andre alipoinuliwa watu walipiga kelele. La kasi na la polepole, yote mawili yalifanikiwa, kwa sababu kila kilichouma kiliendelea kuuma.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Jake Roberts, mwanamieleka wa enzi hizo hizo, alikuwa na pigo lake, DDT: anakubana kichwa kwapani, anajiangusha nyuma, utosi wako unatangulia chini. Wakati wake, ukishapigwa hiyo, nenda nyumbani. Leo imekuwa salamu. Hujambo, DDT, sijambo, DDT, na aliyepigwa anakimbilia kamba kama aliyeitwa chakula.

Mwaka 2016, Tokyo, wanamieleka wawili vijana, Will Ospreay na Ricochet, katikati ya pambano lao walibinuka pamoja, wakatua pamoja, wakatazamana. Vader, mkongwe, akasema wazi kwamba ile ni sarakasi. Maneno yakawa mengi, mpaka Agosti wakakutana ulingoni London, yeye na Ospreay, na Vader akashinda. Wazee wakashangilia. Mmesahau kwamba Vader huyo huyo, zaidi ya kilo 150, alikuwa akipanda kamba ya juu na kujibinua kinyumenyume? Tofauti ni kwamba akitua juu yako, huinuki. Na Ospreay naye akaongeza mwili, akahamia uzito wa juu, 2021 akawa bingwa wa dunia wa IWGP, mkanda mkubwa wa kampuni ya New Japan kule Japani. Na hakuacha kuruka.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka niwaeleze Mexico, ambako kuruka ni jadi ya wazee, na Tiger Mask na Dynamite Kid, waliokuwa wakikimbizana Japani tangu 1981. Basi, tuyaache. Wewe wa shati la njano umenyoosha mkono tangu nilipomtaja Hogan. Uliza, lakini usiniulize kama ni maigizo.