Leseni ya Uwakala wa Bima Tanzania: Anza na Kampuni, Fomu Baadaye

Karibu mtazamaji. Leo tunaonyesha hatua kwa hatua namna ya kuwa wakala wa bima mwenye leseni hapa Tanzania. Tafuta kalamu, maana kuna hesabu mbili tatu za kufanya pamoja.

Kwanza tuelewane unaomba nini. Wakala anaiwakilisha kampuni ya bima, ndiyo iliyomtuma sokoni. Broka, yaani dalali wa bima, anamwakilisha mteja na kumtafutia kampuni inayomfaa. Leseni zao ni tofauti, na za broka zina masharti mazito zaidi. Video hii ni ya wakala. Anayetoa leseni ni Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Kuuza bima bila leseni ni kosa, hata kama ulimkatia shemeji yako tu.

Hatua ya kwanza: tafuta kampuni kabla hujagusa fomu. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mtu anakimbilia kwenye mfumo wa maombi, anajaza kurasa zote, halafu anafika kwenye kipengele cha mkataba wa uwakala hana cha kupakia. Huwezi kuwa wakala wa hewa. Lazima kuwe na kampuni iliyokubali kukutumia.

Nenda kwenye tawi la kampuni ya bima, uliza meneja wa tawi au ofisa anayeshughulikia mawakala. Usiende na maneno matupu. Beba karatasi moja inayoonyesha utamuuzia nani: madereva wa bajaji wa kituo fulani, wenye maduka wa mtaa fulani, wazazi wa shule fulani. Meneja anataka kujua biashara itatoka wapi. Kabla ya kusaini, soma vipengele vinne vya mkataba: kamisheni ni asilimia ngapi kwa kila aina ya bima, inalipwa lini, kamisheni inarudishwaje mteja akivunja bima katikati ya mwaka, na nani anapokea fedha za mteja. Hicho cha mwisho kisome mara mbili.

Hatua ya pili: mafunzo. Unahitaji cheti cha umahiri katika bima, wenyewe wanakiita COP. Kinatolewa na taasisi zinazotambuliwa, kama IIT, yaani Taasisi ya Bima Tanzania, na chuo cha ACISP cha Dar es Salaam. Masomo si marefu, ila mtihani upo, na ukienda kwa kukariri utakwama, kwa sababu maswali mengi yanakupa tukio na kukuuliza kampuni ilipe au isilipe.

Chukua mfano. Jirani yako ana nyumba, wewe unaikatia bima ya moto. Ikiungua utalipwa? Hapana. Huna maslahi kwenye nyumba ile. Ikiungua, hujapoteza kitu. Mfano mwingine: lori limegonga gari ya mteja wako, kampuni ikamlipa mteja. Je, mteja anaweza tena kumdai mwenye lori hasara ileile? Hawezi kula mara mbili. Haki ya kumdai mwenye lori imehamia kwa kampuni iliyolipa.

Swali linalowaangusha wengi ni la uwiano. Tulifanye hapa. Duka la vifaa vya ujenzi lina bidhaa za shilingi milioni 40. Mwenye duka, ili apunguze gharama, amekata bima ya milioni 25. Moto umeteketeza bidhaa za milioni 16. Atalipwa ngapi? Wengi wanajibu milioni 16, kwa sababu ni ndogo kuliko 25. Sivyo. Chukua 25, gawa kwa 40, zidisha kwa milioni 16. Jibu ni milioni 10. Hizo 6 zilizobaki anazibeba mwenyewe, kwa sababu aliamua kubeba sehemu ya hatari alipokata bima pungufu. Hii usiiache kwenye chumba cha mtihani. Ndiyo ugomvi mkubwa kati ya mawakala na wenye maduka, na wakala ambaye hakuieleza siku ya kuuza ndiye anayeitwa tapeli siku ya moto.

Hatua ya tatu: nyaraka. Kitambulisho cha NIDA, namba ya mlipakodi ya TRA, ambayo hutolewa bure, vyeti vya shule, cheti cha COP, picha ndogo, mkataba wa uwakala. Kama utatumia jina la biashara au kampuni, lisajili BRELA kwanza, ndipo nyaraka zote zisome jina hilo. Tafuta pia bima ya dhima ya kitaaluma, yaani inayokulinda wewe ukikosea kazini na mteja akapata hasara.

Sasa tega sikio. Kinachorudisha mafaili mara nyingi ni majina. Tazama hapa kwenye skrini: cheti cha kidato cha nne kinasema Mwanaidi J. Rajabu. NIDA inasema Mwanaidi Juma Rajab. Huku TRA ameandikwa Mwanahidi. Wewe unajua ni mtu mmoja. Ofisa anayekagua anaona watu watatu. Zitandaze nyaraka zako zote mezani, weka kidole kwenye jina, soma herufi kwa herufi. Kosa likiwa TRA, nenda likarekebishwe. Likiwa kwenye cheti cha shule, nenda kwa wakili akuandalie hati ya kiapo inayothibitisha kwamba majina yote ni yako, uiambatanishe. Fanya hivyo kabla ya kutuma, usisubiri kurudishiwa.

Skani nazo zina mambo yake. Usipige picha cheti kikiwa juu ya kitanda, pembe moja imekatika na kivuli cha simu kimelala katikati. Nenda stationari, toa skani ya rangi, kila waraka faili lake la PDF, na lipe faili jina linaloeleweka. Muhuri wa wakili ukiwa hausomeki, nakala hiyo ni sawa na haijathibitishwa.

Hatua ya nne: maombi yenyewe. Haya yanafanyika mtandaoni, kwenye mfumo wa usajili wa TIRA. Fungua akaunti kwa barua pepe yako mwenyewe. Tafadhali, usitumie ya kijana wa stationari. Ujumbe wa kurekebisha maombi utakwenda kwake na wewe utakaa miezi unalaumu Mamlaka. Chagua aina ya usajili kuwa wakala, jaza, pakia nyaraka, toa namba ya malipo ya serikali na ulipie benki au kwa simu. Hakuna mtu wa kumpa ada mkononi. Ukikwama, TIRA wana ofisi za kanda, ikiwemo Mwanza, Arusha, Mbeya na Zanzibar.

Leseni ikitoka, kagua jina na tarehe ya mwisho. Pia pitia halmashauri yako kwa ajili ya leseni ya biashara ya ofisi.

Hatua ya tano: kazi ya siku ya kwanza. Tukate bima ya gari, maana huko ndiko wengi wanakoanzia. Gari binafsi, bima ndogo ya mtu wa tatu: ada ni shilingi 100,000, ongeza VAT ya asilimia 18, jumla 118,000. Mwambie mteja waziwazi kwamba hii inamlipa yule aliyegongwa. Gari yake mwenyewe ikikunjamana atatengeneza kwa mfuko wake. Akitaka bima kubwa, yaani inayolipa hata gari yake mwenyewe, kiwango cha chini ni asilimia 3.5 ya thamani ya gari. Gari ya milioni 14 inatoa 490,000. VAT ni 88,200. Jumla 578,200. Kamisheni yako inakokotolewa kwenye ile 490,000. VAT ni ya serikali, usiipigie hesabu. Na kama gari ilinunuliwa kwa mkopo, uliza kwanza. Benki nazo siku hizi zinauza bima, huenda wameshaikata.

Fedha kwanza, bima baadaye. Mteja akikuambia "niandikie tu, nitakutumia Ijumaa", jibu ni hapana, hata akiwa mjomba. Sheria hairuhusu kukata bima kwa mkopo, na akigonga Alhamisi utakuwa shahidi kwenye kesi usiyoipenda. Fedha ziende moja kwa moja kwenye akaunti ya kampuni, zisipitie kwenye simu yako. Fedha ya mteja ikilala kwako usiku mmoja, kesho yake utakuwa umeazima ya mafuta.

Stika siku hizi ni ya kielektroniki. Kabla mteja hajaondoka, fungua tovuti ya TIRAMIS, yaani mfumo wa TIRA wa kuhakiki bima, kwenye simu yako, ingiza namba ya gari, na mwonyeshe skrini: jina la kampuni, tarehe ya kuanza, tarehe ya kwisha. Askari wa usalama barabarani ataangalia hapohapo. Kama namba ya gari imekosewa herufi moja, T 482 DKE ikawa DKF, gari hiyo barabarani haina bima. Rekebisha mteja akiwa bado amekaa kwenye kiti.