Tezi Si Ugonjwa

Shikamooni wakubwa, wenzangu hamjambo. Kabla ya yote, wekeni vidole kwenye kikoromeo, mmeze mate. Kimepanda kikashuka? Chini yake kidogo, imekumbatia koo la hewa, ndipo ilipo tezi ya thiroidi, nayo hupanda na kushuka hivyo hivyo. Kila mmoja humu ukumbini anayo.

Nimeanzia hapo kwa sababu hapa Moshi ukisema "tezi", mzee anawaza tezi dume na mama anawaza kisu. Nilikaa na shangazi yangu kwenye benchi la kliniki, karatasi ya majibu mkononi, akaninong'oneza: "Mwanangu, tezi si ya wanaume?" Wakati thiroidi huwasumbua wanawake kuliko wanaume!

Tezi ni kiungo. Ikivimba shingoni, uvimbe huo una jina lake: rovu. Siku hizi tunasema goita, sawa, lakini rovu tulikuwa nalo. "Thiroidi" lenyewe limetoka kwenye neno la Kigiriki la ngao; Thomas Wharton, daktari wa London, ndiye aliyeipa tezi jina hilo mwaka 1656.

Homoni zake ni mbili kubwa, T4 na T3. Hiyo namba ni hesabu ya atomu za iodini: nne kwenye T4, ambayo ndiyo thiroksini, na tatu kwenye T3. Na iodini mnaijua, imeandikwa kwenye pakiti ya chumvi: madini joto. Aliyebuni jina hilo apewe maua yake, maana thiroidi ikilegea mtu husikia baridi, anavaa sweta mchana kweupe, tena Moshi hii.

Panapotuchanganya ni TSH, homoni nyingine kwenye karatasi ya majibu. Hiyo haitoki shingoni. Inatoka tezi ya pituitari, chini ya ubongo, kuiamrisha thiroidi ifanye kazi. Mfikirieni nyapara wa shamba la kahawa. Vibarua wakizembea, ndipo anapopaza sauti. Kwa hiyo TSH ikiwa juu, mara nyingi thiroidi ndiyo imelala. Shangazi aliona "juu" kwenye karatasi, akajua tezi yake inakimbia kupita kiasi, akataka kupunguza chumvi. Kumbe kinyume kabisa.

Sasa anameza levothiroksini, yaani thiroksini ya kidonge, kila alfajiri kabla ya chai. Jirani akimuuliza anaendeleaje, anajibu: "Nyapara kanyamaza."