Kabla ya Kuhesabu Matetemeko, Pimeni Kelele

Ndugu zangu, nalirudia tena. Mtu akiniletea orodha ya matetemeko madogo ya delta ya Mto Lena, kule Siberia, akaipanga kwa miezi, akakuta mengi wakati wa baridi na machache wakati wa joto, halafu akasema baridi ndiyo inayotetemesha ardhi, simkubalii. Amehesabu yaliyosikika. Yaliyotokea hajayajua.

Tazameni mwaka unavyokwenda kule. Karibu na mwanzo wa Juni barafu ya mto inavunjika, mapande yanasagana, mafuriko yanashuka kuelekea Bahari ya Laptev. Baadaye bahari nayo inafunguka, mawimbi yanapiga pwani usiku na mchana, na kipimatetemeko kinaandika mtikisiko usiokatika. Tetemeko la ukubwa wa 1 litasikikaje humo? Ni sawa na kunong'onezwa ukiwa ndani ya mashine ya kusaga unga. Ifikapo Oktoba mto unaganda, bahari inafuata, kelele inatulia, na chombo kile kile kinaanza kunasa matetemeko madogo.

Na bado. Baridi ikikaza ghafla, ardhi iliyoganda husinyaa ikapasuka. Nyufa hizo ndizo zinazoigawa delta vipande vyenye pembe nyingi. Kila mpasuko una kishindo chake. Mtasema, si wataalamu watakitambua? Watakitambua wakiangalia! Tetemeko hutoa mawimbi mawili: la P, lenye kasi, hutangulia, la S, la polepole, hufuata, na kila sekunde moja kati yao ni takribani kilomita 8 kutoka kwenye chombo hadi mahali palipotetemeka. Pengo lisipofika hata nusu sekunde, na kituo cha pili hakikuona kitu, hapo shuku barafu iliyo chini ya miguu yako kabla hujaniandikia habari za mabamba ya dunia, yale mapande makubwa ya ganda la dunia yanayosogea.

Sisemi majira hayana nguvu. Nepal hupata matetemeko madogo mengi zaidi wakati wa baridi kuliko wakati wa mvua za monsuni, na uzito wa maji umetajwa kuwa sababu. Lena nayo huenda ikawa na lake. Ila kwanza chukueni mwezi wenye kelele kuliko yote, tafuteni tetemeko dogo kabisa linaloweza kusikika mwezi huo, na yote yaliyo chini ya hapo myatoe kwenye hesabu ya mwaka mzima. Yatakayobaki tutayajadili.

La mwisho, haraka, msije mkadhani kule hakuna matetemeko ya kweli: Mgongo wa Gakkel, safu ya milima ya chini ya Bahari ya Aktiki ambako mabamba hutengana, unaishia kwenye Bahari ya Laptev, na mwaka 1927 eneo la Bulun, jirani na delta, lilipigwa na matetemeko yaliyozidi 6. Habari ya kuyeyuka kwa ardhi iliyoganda naiacha, mwenyekiti ameshanionyesha saa.