Mstari Huu wa Nini?

REHEMA: Karibu tena msikilizaji. Mimi ni Rehema, kazi yangu kutengeneza programu na kusaili vijana wanaotaka kuajiriwa. Mwenzangu ni Salim, anafundisha kompyuta chuoni, na leo kaingia studio kanuna. Mada yetu ni jinsi vyuo vinavyofundisha kutengeneza programu.

SALIM: Sijanuna dada, nimechoka. Siku mbili nasahihisha kazi za mwaka wa pili. Niliwapa programu ndogo tu: unaiingizia mwaka, inakuambia kama ni mwaka mrefu, yaani wenye Februari ya siku 29.

REHEMA: Na hiyo inachosha?

SALIM: Subiri. Kijana mmoja kaleta kodi safi...

REHEMA: Msimbo, kaka. Kodi tunalipa.

SALIM: Haya, msimbo. Masharti matatu yote yamo: mwaka ukigawanyika kwa 4 ni mrefu, ukigawanyika kwa 100 si mrefu, ukigawanyika kwa 400 unarudi kuwa mrefu. Majaribio, yaani miaka ya kuhakikisha programu inajibu sawa, kaandika matatu: 2023, 2024 na 1900. Yote yamepita. Nikamwita, nikaweka kidole kwenye mstari wa 400. "Huu wa nini?" Kimya. "Tukiufuta?" Akasema programu itaharibika. Tukaufuta, tukaendesha majaribio upya. Yakapita yote.

REHEMA: Maana 2000 hakuuweka.

SALIM: Hakuuweka! Programu sasa inadai mwaka 2000 haukuwa na tarehe 29 Februari, na skrini nzima ni kijani, kwamba majaribio yote yamepita. Msimbo aliandikiwa na akili unde (AI), wala hakunificha. Simlaumu sana. Swali langu lilisema "andika", na kuandika kumeandikwa.

REHEMA: Basi umenigusa nilipo. Kijana akija kwetu na shahada yake, hakuna anayempa ukurasa mtupu. Anakabidhiwa mafaili elfu kadhaa, walioyaandika nusu wameshahama, maelezo hayapo, na mteja analalamika kwamba ripoti ya mwisho wa mwezi inatoa jumla mbili tofauti. Wiki ya kwanza hiyo yote ni kusoma tu. Anahangaika, kwa sababu miaka mitatu au minne chuoni alikuwa anaanzisha programu upya kila muhula, na kila moja inakufa siku inaposahihishwa. Hajawahi kuishi na programu mpaka ikazeeka.

SALIM: Ndiyo, lakini ukisema hivyo wakuu wa idara wanasikia "ongezeni somo la akili unde". Ndiyo mageuzi yanayopendwa, maana yanapendeza kwenye tangazo.

REHEMA: Mimi ningeongeza hilo na kupunguza nadharia. Zile hesabu zote...

SALIM: Hapo hapana, dada. ChatGPT ilitoka Novemba 2022. Aliyeanza shahada ya miaka minne mwaka huo alimaliza katika ulimwengu mwingine kabisa. Ungemfundisha zana gani siku ya kwanza ambayo ingemfaa siku ya mwisho? Mtaala wa mfano wa kwanza wa ACM, chama cha kimataifa cha wataalamu wa kompyuta, ulitoka mwaka 1968, na tangu hapo unaandikwa upya kila baada ya miaka kadhaa, wa karibuni ukiitwa CS2023. Lugha za programu tunazofundishia zimepokezana: Pascal, C, Java, Python. Lakini kwa nini kutafuta kitu kwenye orodha iliyopangwa ni haraka kuliko kwenye isiyopangwa, hilo halijabadilika. Na asiyelijua atakubali chochote mashine itakachomletea.

REHEMA: Sawa, nadharia nakuachia. Ila kipimo kibadilike. Wanafunzi wa mwaka wa pili warithi programu ya waliowatangulia, na hitilafu zake zote. Mwaka mzima waitunze, wairekebishe, kisha wawakabidhi wanaofuata. Wakiwakabidhi uchafu, watasikia maneno yao korido nzima.

SALIM: Nani atasahihisha hiyo? Darasa la watu 200, ukimhoji kila mmoja dakika tano tu, ni dakika 1,000. Karibu saa 17. Na mhadhiri hapandi cheo kwa kuhoji wanafunzi, anapanda kwa makala za utafiti. Hilo watu wa viwandani mnalisahau mkija na mapendekezo yenu.

REHEMA: Saa 17 kwa muhula mzima, mkigawana na wasaidizi? Umesema mwenyewe siku mbili umezimaliza kusahihisha msimbo wa mashine.

SALIM: ...Umenibana.

REHEMA: Tena njia umeigundua wewe. Futa mstari mmoja, muulize nini kitavunjika na jaribio gani litagundua. Dakika tano zinatosha kujua nani anaelewa.

SALIM: Unajua nimekumbuka nini? Ariane 5, ile roketi ya Ulaya. Tarehe 4 Juni 1996 roketi iliruka, na baada ya sekunde kama 40 ikalipuka. Sehemu ya programu ilirithiwa kutoka Ariane 4. Namba moja, ya kasi ya mlalo, ikawa kubwa kuliko nafasi iliyotengewa kwenye kompyuta, ya biti 16 tu, kwa sababu roketi mpya ilikuwa na mwendo tofauti na wa ile ya zamani. Na kinachouma zaidi, hesabu ile haikuwa na kazi yoyote kwenye Ariane 5 ikishaondoka ardhini. Iliachwa tu iendelee.

REHEMA: Hakuna aliyeweka kidole akauliza "huu wa nini?"

SALIM: Au waliuliza, wakaona kwenye Ariane 4 haukuwa na shida. Hilo nalo ni funzo kwa darasa: jibu la jana kwa chombo cha jana.

REHEMA: Na mafunzo ya vitendo je? Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, wanapokezanisha muhula wa darasani na muhula wa kazini tangu 1957.

SALIM: Mpango mzuri, ila unataka waajiri wengi walio tayari kulea. Kwingine kijana anapelekwa ofisini miezi miwili anatoa nakala za karatasi, anarudi na barua yenye muhuri. Urithi wako wa programu unawezekana bila kumwomba mtu.

REHEMA: Haya, na yule kijana wa mwaka mrefu?

SALIM: Alirudi jioni ileile. Kaongeza 2000, kaongeza 2100. Halafu akaniuliza, mtu akiingiza mwaka 1500 itakuwaje, kwa sababu kasoma kwamba kalenda hii ilianza 1582.

REHEMA: Ukamjibu nini?

SALIM: Nilimwambia anipe siku moja.