Programu Huria na Riziki ya Mtengenezaji

Ndugu wanataaluma, mabibi na mabwana,

Wenzetu wanaosema Kiingereza hulitumia neno moja, free, kwa kitu kisicholipiwa na kwa mtu asiye mtumwa, ilhali sisi tuna bure na tuna huru. Bahati hiyo tumeiacha ipotee, kwani vijana wengi ninaozungumza nao huamini kwamba programu huria haiwezi kumlipia mtu kodi ya nyumba.

Richard Stallman, aliyetangaza mwaka 1983 mradi wa GNU wa kutengeneza mfumo endeshi huria, aliuza kanda za Emacs, programu yake ya kuhariri maandishi, kwa dola 150, naye ndiye huyo huyo aliyetetea haki ya kila mtumiaji kuiendesha programu kwa kazi yoyote, kuusoma na kuubadili msimbo wake, yaani maagizo yanayoiunda, na kuwagawia wengine nakala, ziwe zimebadilishwa au la. Katika haki hizo hamna hata moja inayokataza kupokea fedha.

Swali ni mahali pa kuiweka bei. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret mwaka 2006, haudai ada ya leseni. Lakini seva lazima zisimikwe, makarani wafunzwe, data za zamani zihamishwe, na awepo wa kupokea simu mfumo unapokwama huku wagonjwa wakiwa kwenye foleni. Hiyo ni kazi ya ujira, na mtaalamu anayeona haya kuiandikia bei katika mkataba wake, akidhani kwamba anailinda misingi, huiacha hospitali na mfumo usio na mtunzaji.

Ugumu wa kweli huja pale mwingine anapoivuna kazi yako. Redis, programu ya kuhifadhi data, ilitolewa kwa leseni legevu, isiyomdai mtumiaji autoe msimbo wake, na kampuni kubwa za huduma za wingu zikawa zinauza huduma iliyojengwa juu yake. Machi 2024 wamiliki wake waliibadilisha leseni ili kuzibana. Mwezi huo huo baadhi ya watengenezaji wakauchukua msimbo wa awali na kuanzisha programu mbadala, Valkey, chini ya Linux Foundation, taasisi inayosimamia miradi huria. Mei 2025 Redis ikaongeza AGPL, leseni huria kamili. Naielewa hasira ya wamiliki, ila naona kwamba walijeruhi jumuiya iliyowaamini, kwa kuwa wangeweza kuichagua AGPL, iliyokuwapo tangu 2007 na ambayo humlazimu anayewahudumia watu kwa mtandao kupitia toleo alilolibadili awape watumiaji hao msimbo wake.

Kampuni nyingi huiogopa AGPL, na Google huwakataza wafanyakazi wake kuitumia. Woga huo waweza kuwa chanzo cha mapato: asiyetaka masharti ya uhuria hununua leseni ya pili isiyo na masharti hayo, kama MySQL AB, kampuni ya programu ya hifadhidata, ilivyowauzia wateja kwa miaka mingi kwa kutumia GPL, leseni huria ya jamii hiyo hiyo. Njia hiyo naikubali, kwa tahadhari moja. Mwenye kuuza leseni ya pili lazima awe na haki juu ya kila mstari, ikiwemo ile iliyoandikwa na wachangiaji wa kujitolea, na haki hiyo hiyo yaweza kesho kuifunga programu nzima. Kwa hiyo mchangiaji aelezwe waziwazi, kabla ya kutia saini, kwamba kazi yake itauzwa, itauzwa na nani, na kama toleo huria limehakikishiwa kubaki.