Jinsi ya kuandaa chuma ya D12 ndio uione poa kwa maikroskopu

Sema wasee, leo tunachukua chuma ya D12, yaani nondo ya unene wa milimita 12, ile ya slabu, tunaipeleka mpaka chini ya maikroskopu. Hii nimeokota kwa mjengo huku Kasarani, vipande hutupwa tu.

Kata kama sentimita moja na msumeno wa chuma, polepole huku unamwagia maji, juu ikishika moto sana inabadilika ndani na utakuwa unaangalia kitu ingine kabisa. Alafu itie kwa rezini, ile plastiki ya maji inayoganda, ikauke, ndio upate mahali pa kushika.

Sasa msasa, na hapa ndio kazi yote iko bana, watu hukimbilia maikroskopu na picha walishaiharibu hapa. Nunua ile nyeusi ya maji, ya wale hupaka gari rangi, pale Grogan, kwa maduka ya spea za gari Nairobi, hukosi. Anza na namba 240, uende 400, 600, 800, 1200, namba ikipanda msasa unakuwa laini zaidi. Ebu songa karibu uone: kwa 240 mikwaruzo yote imelala upande mmoja, nikiingia 400 nageuza kipande digrii 90 nasugua mpaka ile mistari ya kwanza iishe, si ati ipungue, iishe kabisa. Ukibadilisha msasa osha kipande na mikono pia, chembe moja ya 240 ikijificha kwa kucha inakurudisha mwanzo.

Maliza na kitambaa laini na unga wa alumina wa mikroni 1 mpaka ujione kama kwa kioo. Osha, mwagia ethanoli, kausha na blodraya.

Sasa asidi, ndio inachora sehemu za ndani zionekane. Mililita 2 za nitriki ndani ya 98 za ethanoli, asidi ndio inamwagwa kwa ethanoli, usigeuze, vaa glavu na miwani, na usifungie mabaki kwa chupa. Spiriti ya zambarau ya chemisti hapana, tafuta safi. Chovya sekunde 5 hivi, mng'ao ukififia toa, osha haraka.

Kabla ya maikroskopu angalia na macho tu. Unaona hii pete nyeusi pembeni? Kiwandani chuma ikitoka moto hupigwa maji, ganda linakuwa gumu kuliko katikati. Kama yako haikupitishwa hivyo, pete hakuna.

Weka 100x, tafuta fokasi, panda 400x. Hapa katikati nyeupe ni feriti, yaani chuma karibu tupu, madoa meusi ni pealaiti, yaani tabaka za feriti na za chuma iliyoungana na kaboni, na nyeupe ndio nyingi juu kaboni ni kidogo. Ukiona mistari mirefu imenyooka inakatiza kotekote, hiyo ni mikwaruzo, rudi kwa 600 uanzie hapo.