Keki ya Pakiti na Mkate wa Kupalia Makaa

Mhadhara kwa kina mama waokaji na wanafunzi wa mapishi, Ngamiani, Tanga

Assalaam alaykum, na habari za mchana kwa wote. Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, dada zangu, na nyinyi wanafunzi mliokaa nyuma, sogeeni mbele, maana leo kuna vitu vya kushika na kunusa.

Mezani nina keki za pakiti za aina tatu zilizonunuliwa dukani hapa hapa mtaani, na pembeni yake mkate wa kumimina, ule wa mchele na tui, na mkate wa mayai vilivyopikwa asubuhi. Nimeombwa niseme kipi bora. Nitasema. Lakini kwanza tuelewane juu ya jambo ambalo mimi naliona ndilo mzizi wa tofauti yote: keki ya pakiti imetengenezwa ili isubiri. Isubiri ghalani, isubiri ndani ya lori, isubiri kwenye kibanda kule Handeni au Lushoto mpaka mtoto apate hela ya kuinunua. Mkate wa nyumbani umetengenezwa uliwe leo. Karibu kila neno gumu mnalolikuta nyuma ya pakiti limewekwa kwa ajili ya kusubiri huko, na ukishalijua hilo, pakiti inasomeka.

Tuondoe kwanza uvumi. Kuna ujumbe unazunguka kwenye simu kwamba keki hizi haziozi hata miaka ishirini, kwa hiyo ni sumu. Uvumi wa namna hii ni wa zamani, na huko Marekani umeiandama sana keki moja iitwayo Twinkie. Ilibuniwa mwaka 1930 na James Dewar, mfanyakazi wa kampuni ya Continental Baking karibu na Chicago. Kiwanda kilikuwa na vyombo vya kuokea keki za stroberi, na msimu wa stroberi ukiisha vyombo vinakaa bure. Dewar akaona vioke keki ndogo yenye krimu ya ndizi ndani. Vita Kuu ya Pili ilipofanya ndizi ziadimike, krimu ikawa ya vanila, na ndivyo ilivyobaki. Watu wanasema keki hiyo haifi. Ukweli ni kwamba muda wake wa dukani ulikuwa siku 26 hivi, na iliporudi sokoni mwaka 2013, baada ya kampuni iliyokuwa ikiitengeneza wakati huo kufilisika, ukasogezwa hadi siku 45. Mmarekani mmoja alihifadhi boksi alilonunua mwaka 2012, akalifungua mwaka 2020, akakuta ukungu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia walizichunguza, na katika mojawapo wakaotesha kuvu aina ya Cladosporium. Kwa hiyo inaoza kama chakula kingine, ila imecheleweshwa.

Na zile siku 45 zilikuwa na sababu ya biashara. Wenye kampuni wapya waliacha kupeleka keki duka kwa duka kwa magari yao, wakawa wanazipeleka kwenye maghala makubwa. Njia ikawa ndefu, ikabidi keki nayo iwe na subira.

Sasa, inacheleweshwaje? Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo penye elimu.

Sisi wa pwani tunalijua hili kwa macho. Wakati wa masika boflo likiachwa mezani, haichukui siku nyingi linaota madoa ya kijani. Ukungu unataka maji, lakini si maji yoyote, unataka maji yaliyo huru. Wataalamu wa chakula wana kipimo chao kinachoanzia 0 hadi 1, na maji matupu ni 1. Mkate wa kawaida uko karibu na 0.95. Ukishusha chakula hadi chini ya 0.8 hivi, ukungu mwingi unashindwa kuota, ingawa kuna aina chache sugu zinazovumilia hata hapo. Bakteria wa hatari wanakuwa wameshashindwa mapema zaidi. Ndiyo maana kashata inakaa na boflo halikai, ingawa vyote viwili viko kwenye hewa ile ile ya Tanga.

Kiwanda kinayafunga maji kwa sukari nyingi, na kwa vitu kama gliseroli, ambayo kwenye pakiti ni namba 422, au sobitoli, namba 420. Maji yamo, ulimi unayasikia, keki ni laini, lakini ukungu hauwezi kuyatumia. Kisha kinaongeza kizuizi cha pili, sobeti ya potasiamu, namba 202. Hii inazuia ukungu na inazuia pia hamira, ndiyo maana utaikuta kwenye keki zilizoumuliwa kwa beking poda. Kwenye mikate ya hamira wanatumia zaidi propioneti ya kalisi, namba 282, inayokaba ukungu na kuiacha hamira ifanye kazi yake. Halafu inafuata pakiti yenyewe, nailoni ya tabaka kadhaa isiyopitisha unyevu wala hewa.

Je, 202 ni sumu? Hapana. Kwa kiwango kinachoruhusiwa, mwili unaivunja kama unavyovunja asidi nyingine za mafuta. Nalisema wazi kwa sababu mama mwenye vibarua viwili, anayetoka saa kumi na moja alfajiri, akamwekea mtoto keki ya pakiti kwenye begi, hastahili kuambiwa anamlisha mwanawe sumu. Yanayonitia wasiwasi mimi ni mengine: mafuta, rangi na sukari.

Mafuta kwanza. Mwanzoni mwa karne ya ishirini Mjerumani Wilhelm Normann alibuni njia ya kuyatia mafuta ya maji gesi ya haidrojeni ili yagande. Viwanda vilifurahi, kwa kuwa mafuta hayo ni rahisi, yanaifanya keki iwe laini, na yanachelewa kuchacha. Lakini yakitiwa haidrojeni nusu nusu, ndani yake yanazaliwa mafuta ya transi, na haya yanaharibu mishipa ya moyo. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zote ziyaondoe kwenye chakula kufikia mwaka 2023. Kwa hiyo ukisoma pakiti, angalia sehemu ya mafuta. Ukikuta haidrojeni imetajwa, rudisha rafuni. Na mama zangu, tusijidanganye: ukioka nyumbani kwa mafuta ya kugandishwa ya bei rahisi bila kusoma kopo, umeyaleta mafuta yale yale jikoni kwako.

Rangi. Keki yenye mayai ya kutosha ina unjano wake. Yenye mayai machache inaazimwa unjano, mara nyingi wa tatrazini, namba 102. Nchi za Umoja wa Ulaya, tangu 2010, zinadai chakula chenye rangi hiyo, pamoja na nyingine 5, kiandikwe onyo kwamba inaweza kuathiri utulivu na usikivu wa watoto. Haijapigwa marufuku huko. Mimi kwa mtoto mdogo nashauri tuikwepe, kwani haimwongezei hata chembe ya lishe.

Sukari sasa, na hapa mkate wetu haupati msamaha. Mkate wa mayai wa mayai 6 kwa kawaida tunautia kikombe cha sukari, gramu 200 hivi. Ukiukata vipande 8, kila kipande kina gramu 25. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unasema sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5, yaani kama gramu 25 kwa mtu mzima, vijiko 6 vya chai. Kipande kimoja kimemaliza siku, na chai yake bado haijatiwa sukari! Kwenye mkate wa mayai punguza hadi robo tatu ya kikombe. Usishuke sana, maana sukari ndiyo inayosaidia povu la mayai kusimama. Mkate wa kumimina unaumuliwa na hamira, kwa hiyo unavumilia hata nusu. Nazi ina utamu wake.

Na kwa kuwa nimeitaja nazi: mafuta yake mengi ni ya kuganda, karibu asilimia 90. Anayewaambia kwamba ya asili hayana kipimo anawapoteza. Kata kipande chembamba.

Basi nyumbani tunazidi wapi? Tunazidi pale ambapo kiwanda hakiwezi kufika, kwenye leo. Chukua iliki. Iliki ya milima ya Usambara, kule Amani, ukiitwanga dakika ile unayoitia kwenye mchele, harufu inajaa uani. Mafuta yake ya harufu yanaruka upesi, hayawezi kukaa wiki sita ndani ya nailoni, na kwa sababu hiyo kiwanda kinatumia vanilini, harufu ya vanila ya kutengenezwa, inayodumu. Chukua tui. Kuna Mtanga gani asiyejua tofauti ya tui lililokamuliwa sasa hivi kwenye kifumbu na unga wa nazi wa kopo?

Chukua na moto wenyewe. Sufuria inapashwa, inapakwa mafuta, rojo la mchele linamiminwa, makaa machache yanabaki chini. Linapoanza kutoboka vitundu juu, unafunika na kupalia makaa mengi juu ya mfuniko. Moto wa chini ukizidi, kitako kinaungua kabla katikati hapajashika. Wa juu ukichelewa, mkate unanywea, kwa sababu mchele hauna ule mnato wa ngano wa kushikilia hewa. Hewa inashikiliwa na uzito wa rojo peke yake mpaka wanga uive. Bibi zetu hawakuwa na kipimajoto, walisogeza kiganja karibu na mfuniko wakajua. Ni ujuzi mkubwa, na unapotea kwa sababu tunaona haya kuufundisha kama elimu.

Lakini kesho yake mkate ule ule ni mgumu, na wateja wanalalamika. Wengi tunadhani umekauka. Sivyo. Wanga ukiiva unafumuka na kunywa maji, ukipoa unarudi kujipanga na kukaza. Kiporo cha wali asubuhi ni jambo hilo hilo. Kiwanda kinauchelewesha mpango huo kwa kiungo cha namba 471, kinachotokana na mafuta, ambacho kinashikamana na wanga usijipange. Sisi hatuihitaji. Tunachohitaji ni kujua kwamba baridi ya friji inauharakisha mkate kukaza kuliko joto la mezani. Usiweke mkate kwenye friji. Usipoliwa leo, ufunge uugandishe kabisa kwenye friza, au kesho uutie mvuke dakika chache, wanga utafumuka tena na ulaini utarudi. Isipokuwa ukishaota ukungu, hapo tupa wote, usikwangue juu.

Kuna jambo moja la kiwanda nataka tuige: kupima kwa mizani. Kikombe cha unga wa ngano kinaweza kuwa gramu 120 kwa mkono mmoja na 150 kwa mwingine, inategemea umechota au umeshindilia. Ndiyo maana keki ya Jumatatu inakubali na ya Alhamisi inakataa, tukasema jiko lina kijicho. Kabla ya kununua mashine ya kupigia keki, nunua mizani. Mayai mchapo unayapiga.

Kwa mnaouza. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini mimi naona siku hizi hata kizuri lazima kitembezwe, maana pakiti inang'aa na mkate wetu umefunikwa gazeti. Gazeti lina wino, liacheni. Tumieni karatasi safi nyeupe. Msifunge mkate ungali moto, mvuke utageuka maji ndani ya mfuko na jioni utakuta unanata, kesho ukungu. Okeni kidogo mara mbili kwa siku, asubuhi kwa chai ya saa nne na alasiri kwa ya jioni, badala ya kuoka nyingi mara moja kisha mkasubirisha. Ukianza kuusubirisha mkate wako umeingia kwenye mashindano ya kiwanda, na huko kitakushinda.

Andikeni siku ya kuoka na vilivyomo. Kanuni ya pakiti ni kwamba kilicho kingi kwa uzito kinatangulia kutajwa. Keki hii ya kwanza hapa inaanza na sukari kabla ya unga, shikeni msome wenyewe. Mkate wako ukiandikwa mchele, tui la nazi, sukari, hamira, iliki, mteja atasoma mstari mmoja na kuelewa yote. Mkitaka kuingiza bidhaa madukani, usajili wa chakula tangu 2019 uko TBS, Shirika la Viwango Tanzania, na SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, wana ofisi hapa Tanga wanaoelekeza wajasiriamali wadogo kuhusu vifungashio na taratibu. Nendeni wawili watatu kwa pamoja, mkiwa na daftari.

Kuhusu shule, nimeulizwa mlangoni na baba mmoja. Jibu langu ni hili: mtoto wa kutwa apewe kilichopikwa asubuhi ile ile, kitumbua au kipande cha mkate, kwenye kopo lenye mfuniko, na maji. Anayesafiri, au anayelala bweni bila mahali pa kutunzia chakula, keki ya pakiti ni salama zaidi kwake kuliko mkate wa juzi. Msome tu mafuta na sukari kabla ya kununua.

Wanaobaki kwa vitendo, mchele umelowekwa tangu jana na umeshachujwa, uko kwenye ndoo uani. Wawili waanze kukuna nazi, mbuzi zipo. Wengine wote, ulizeni maswali.